Mhusika Ana Njaa ya Nini?

Fisi alifika njia panda. Njia ya kulia ilileta harufu ya nyama, na ya kushoto nayo ilileta harufu ya nyama. Hakutaka kukosa hii wala ile, akatia mguu mmoja huku na mwingine huku, akaendelea hivyo hivyo mpaka akapasuka msamba.

Hadithi hiyo tumeipokea kwa masikio tu. Hakuna bibi aliyetueleza urefu wa mkia wa fisi huyo wala idadi ya madoa yake. Hata hivyo, mwulize mtoto yeyote aliyewahi kuisikia: fisi akialikwa harusini atafanya nini? Akiachiwa bucha ailinde usiku kucha? Mtoto atajibu papo hapo, na watoto kumi watakupa majibu yanayofanana. Mhusika aliyefika hapo amekwisha kuumbwa kabla penseli haijagusa karatasi. Tunajua anataka nini, na tunajua yuko tayari kuumia kiasi gani ili akipate.

Kitu hicho nakiita njaa ya mhusika, na sura hii yote imejengwa juu yake. Abunuwasi ana njaa ya kumrudishia mwenye nguvu maneno yake mwenyewe. Sungura ana njaa ya kuishi vizuri kati ya wanyama wakubwa bila kutoa jasho wanalotoa wao. Kwa fisi, njaa na udhaifu ni kitu kimoja, ndiyo maana visa vyake ni vifupi na vikali. Kwa wengine, njaa iko upande mmoja na udhaifu upande mwingine, na hao huzaa visa virefu zaidi.

Wachoraji chipukizi wengi wanaonionyesha madaftari yao huanzia kwingine. Kurasa zimejaa vijana wenye nywele zilizochongoka, mabega mapana, mapanga mgongoni na makovu usoni. Mistari imenyooka, vivuli vimekaa mahali pake. Nikiuliza, "Huyu anataka nini?" najibiwa kwa uwezo wake: anaruka ghorofa tatu, anatoa moto viganjani. Uwezo unatuambia mhusika anaweza kufanya nini, lakini hautuambii asubuhi akiamka ataelekea wapi. Mchoraji wa namna hiyo hukwama kwenye ukurasa wa tatu, akaanza kumbuni mhusika mwingine mwenye uwezo mkubwa zaidi.

Tuwatazame waliodumu katika magazeti yetu. Chakubanga wa Christian Gregory alipata makazi katika gazeti la Uhuru, na wasomaji walimtafuta kabla ya kusoma habari kubwa za siku. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi, na jina tu la mhusika huyo lilikuwa limeshakupa nusu ya wasifu wake. Ali Masoud alimpa kipanya kazi ya kusema yale ambayo mtu mzima angeyasema kwa kunong'ona, mpaka jina la mnyama huyo likawa la mchoraji mwenyewe. Halafu kuna jarida la SANI, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, ambalo kizazi kizima cha Tanzania kililigombania: Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi, Madenge. Hao walikuwa watu wa mjini wenye njaa za mjini. Walitaka fedha ya haraka, mapenzi, kuonekana wamefika. Na Madenge, kwa kuwa ni mtoto, alitaka utundu tu.

Philip Ndunguru, ambaye mkono wake ndio unaokumbukwa zaidi katika wahusika hao, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwashikia kalamu, na msomaji aliendelea kuwatambua. Huo ni mtihani mgumu kuliko sifa yoyote ya mistari mizuri: mkono ulioumba umeondoka, na aliyeumbwa bado anatembea mtaani.

Baada ya njaa, uso. Hapa mwalimu wetu wa kwanza ni mtu wa Geneva, Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1799. Rodolphe Töpffer alikuwa mtoto wa mchoraji na alitamani kazi ya baba yake, lakini macho yalimsumbua, akawa mwalimu mwenye shule ya bweni. Jioni alichora visa vya kuchekesha ambavyo wanafunzi wake walivifurahia. Mwaka 1827 alichora kisa cha Bwana Vieux Bois, mzee aliyezidiwa na mapenzi. Kilichapishwa mwaka 1837, na wanahistoria wengi wa fani hii ya vibonzo humhesabu Töpffer miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1845, mwaka mmoja kabla hajafa, aliandika insha kuhusu nyuso.

Hoja yake ni rahisi na mpaka leo inanishangaza kwa ukweli wake. Chora uso ovyo, alisema, hata kama hujui mifupa wala misuli ya binadamu. Uso huo, ukiwa mbaya namna gani, utakuwa tayari na hali fulani: mjinga, mwenye hasira, mwenye wasiwasi, mchoyo. Haiwezekani uwe mtupu. Kisha chora mwingine, ukisogeza nyusi kidogo au ukirefusha mdomo wa juu, uone amegeuka kuwa nani. Mtu aliyenyimwa macho ya mchoraji mkubwa aligundua kwamba mchoro mdogo unasema haraka kuliko mchoro mkubwa, kwa sababu kila mstari ndani yake una kazi.

Zoezi lake nalipenda kuliko yote. Jaza ukurasa kwa nyuso ishirini, harakaharaka, bila kufuta. Usichague ulio mzuri. Soma njaa ya mhusika wako uliyoandika juu ya karatasi, halafu utazame ni upi kati ya nyuso hizo unaoonekana kuwa nayo. Mara nyingi utakuwa ule uliouchora ukiwa umechoka.

Kisha umbo. Mhusika wa kibonzo huchapwa mdogo, huchapwa kwenye karatasi duni, husomwa ndani ya basi linalorukaruka, na siku hizi husomwa kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Lazima ajulikane katika hali zote hizo. Kwa hiyo mjaribu kwa kumpaka wino mweusi mwili mzima, asibaki na macho, mdomo wala vifungo, ila kivuli chake peke yake. Ukimtambua, umepata umbo. Usipomtambua, rudi mezani.

Georges Remi, Mbelgiji aliyejiita Hergé, alimtoa Tintin kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1929, katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels. Uso wa Tintin ni duara, nukta mbili na kipua. Kinachomtambulisha ni kishungi cha nywele juu ya paji la uso, na hicho hakikuwapo mwanzoni: katika kisa hicho cha kwanza anaondoka na gari kwa kasi, upepo unainua nywele zake, na tangu hapo hazikulala tena. Charles Schulz wa Marekani alianza kumchora Charlie Brown magazetini tarehe 2 Oktoba 1950, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemvisha fulana yenye mstari wa mikunjo tumboni. Kichwa cha mviringo, mstari mmoja uliokunjwakunjwa, basi. Kwa vitu hivyo viwili kazi ya Schulz iliendelea kutoka magazetini mpaka Februari 2000, vipande 17,897, vyote kwa mkono wake.

Njaa ya Charlie Brown inaumiza: anataka kushinda hata mara moja, na anataka apendwe. Mchezo wa mpira ulioshikiliwa na mwenzake Lucy umetoka humo. Lucy anamshikia mpira aupige, anauondoa dakika ya mwisho, mtoto anaanguka chali. Mwaka unaofuata anakimbilia tena mpira uleule, naye Lucy anauondoa tena. Msomaji anajua kitakachotokea na bado anasoma, kwa sababu anachokifuatilia si mpira. Ni ile hoja mpya ambayo Lucy ataitumia kumshawishi, na ile hoja mpya ambayo Charlie Brown atajipa mwenyewe ili aamini.

Nirudi kwa Hergé, maana kuna jambo katika kazi yake linalotuhusu moja kwa moja. Kisa chake cha pili, kilichotoka kati ya mwaka 1930 na 1931, kinampeleka Tintin Kongo. Ukikitazama kwa jicho la fundi, kabla hata ya jicho la mtu aliyetukanwa, utaona uvivu. Wakongo wote wana uso mmoja. Midomo ni ileile, macho ni yaleyale, wanashangaa kwa namna ileile, na hakuna hata mmoja anayetaka kitu chake mwenyewe. Njaa pekee waliyopewa ni kuvutiwa na mgeni. Hergé alikuwa hajawahi kufika Kongo. Alichora kile ambacho ukoloni ulikuwa umekwisha kumchorea kichwani. Mwaka 1946 alipokichora upya kwa rangi, somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kikongo kuhusu "nchi yao, Ubelgiji" liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Nyuso zilibaki.

Mtu huyohuyo, mwaka 1934, alipokuwa akijiandaa kumpeleka Tintin China, alikutanishwa na mwanafunzi wa sanaa kutoka Shanghai, Zhang Chongren. Walikaa pamoja wakazungumza kuhusu mitaa, maandishi ya ukutani, mavazi, siasa za uvamizi wa Japani. Kisa kilichotokana na mazungumzo hayo, Le Lotus bleu, kina Wachina wenye sura tofauti, wenye hofu, ucheshi na hasira zao, na kina kijana anayeitwa Chang ambaye Tintin anamlilia miaka mingi baadaye katika kisa kingine. Mkono ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alikaa na mtu akamsikiliza.

Nasisitiza hili kwa wachoraji wetu kwa sababu nasi tuna uvivu wa aina hiyo hiyo. Mmasai wa vibonzo vyetu ni mlinzi mwenye rungu. Mpemba ana duka, Mchaga anahesabu noti, mama mkwe ananuna, msichana wa kazi anavunja vyombo. Tumevipokea vielelezo hivyo tayari vimechorwa. Ukimchora mlinzi wa Kimasai, nenda ukamwulize mlinzi mmoja anawaza nini saa tisa ya usiku. Huenda anawaza bei ya mtamba, huenda anawaza mtihani wa mwanawe. Jibu lolote kati ya hayo litakupa mhusika, na rungu litabaki kuwa rungu tu.

Wakongo wenyewe walichukua kalamu, na mmoja wao, Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, amekwenda mbali sana. Mwaka 2014 alitoa pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie kitabu cha vibonzo kiitwacho Madame Livingstone, kinachotokea Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, siku zile Wabelgiji na Waingereza walipokuwa wakiiwinda meli ya Wajerumani ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Rubani wa Kibelgiji anapewa mwongozaji chotara, mtu anayejiita mtoto wa yule mvumbuzi Livingstone na anayevaa sketi ya Kiskoti. Watu wanamcheka, wanamwita "Madame". Fikiria vazi hilo linafanya kazi ngapi. Kwenye kivuli cheusi unamtambua mara moja. Linatuambia njaa yake, kudai nasaba ambayo dunia imemkatalia. Na linamletea ugomvi kila anapoingia kwenye fremu, kwa sababu hakuna anayeweza kumwona asiseme neno. Vazi la mhusika likifanya kazi tatu kwa pamoja namna hiyo, huna haja ya kumwongezea kovu.

Sasa tuumbe wetu, hatua kwa hatua, mpaka kijarida cha kurasa nane.

Nimechagua kikoba. Kila mtaa unacho: akina mama wanaokutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, na fedha wanazitia katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu, ili asipatikane mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Mwandishi wa visa akiliona sanduku hilo anapaswa kushtuka kwa furaha. Watu watatu wamefungwa pamoja na kanuni, fedha ziko katikati, na hakuna anayeweza kuondoka.

Wa kwanza ni Bi Sikudhani. Njaa yake ni kupendwa na kila mtu, na udhaifu wake ni kwamba hawezi kusema hapana. Wa pili, Bi Tabu, anataka usalama. Aliwahi kuibiwa na mtu wa karibu, na tangu hapo hamwamini hata aliyelala. Wa tatu, Mama Tausi, anataka kuonekana. Tazama kwamba hakuna mbaya kati yao. Kila mmoja ana sababu ambayo wewe msomaji ungeweza kuwa nayo, lakini njaa hizo tatu haziwezi kukaa mkeka mmoja bila kukanyagana.

Maumbo yanatoka humo. Bi Sikudhani ni duara, kwa sababu jicho husoma mviringo kama upole. Kichwa chake kidogo kimeinamia upande mmoja muda wote, kichwa cha mtu anayesikiliza shida za wengine. Ufunguo unaning'inia kifuani kwa kamba, wazi, kila mtu anauona. Bi Tabu ni mstari uliosimama wima, mikono imekunjwa, pindo la khanga limefungwa fundo ambalo hatujui limeficha nini. Mama Tausi ni pembetatu iliyogeuzwa: mabega mapana, kilemba kirefu, mikono nje ya mwili wakati wote, kiasi kwamba anahitaji fremu pana kuliko wenzake. Wapake wote wino mweusi. Hutawachanganya.

Kabla ya kwenda mbele, wachore kwenye karatasi moja, wamesimama bega kwa bega: kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma, kisha nyuso sita za kila mmoja, akicheka, akikasirika, akidanganya, akilia, akishangaa, akiwa hana la kusema. Andika kwa vichwa: Bi Sikudhani ana urefu wa vichwa vitano, Bi Tabu saba. Karatasi hiyo ibandike ukutani. Bila hiyo, ukifika ukurasa wa sita Bi Tabu atakuwa amenenepa.

Kijarida chenyewe ni karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine. Zinakupa kurasa nane. Jambo hili la karatasi linaonekana dogo, nalo ndilo linaloamua kisa. Ukurasa wa 1 ni jalada. Kurasa za 2 na 3 zinaonekana kwa pamoja, vilevile 4 na 5, 6 na 7. Ukurasa wa 8 uko peke yake mgongoni. Msomaji anageuza karatasi mara nne tu. Anachokiona baada ya kugeuza hakukitegemea, na anachokiona upande wa kulia, kabla ya kugeuza, kinapaswa kumfanya ageuze. Kwa hiyo mshangao unakaa kwenye kurasa za 2, 4, 6 na 8, na swali linakaa chini ya kurasa za 3, 5 na 7. Ukiweka mshangao ukurasa wa 5, jicho litauona pembeni wakati mtu bado anasoma wa 4, na kazi yako itakuwa imepotea.

Chora kwanza vijipicha, kila ukurasa mdogo kuliko kiganja, watu wa vijiti tu. Hapo ndipo unapofikiri. Mtu akiharibu kijipicha amepoteza dakika moja. Akiharibu ukurasa uliokwisha kutiwa wino amepoteza siku nzima na moyo wake.

Kisa: ukurasa wa 2, jirani anagonga mlango wa Bi Sikudhani. Amefungiwa nje, ufunguo wake umepotea, kufuli lake ni la aina ileile ya sanduku. "Shoga, niazime huo nijaribu, nakurudishia sasa hivi." Ukurasa wa 3 una fremu sita ndogo na hazina kitu ila uso wa Bi Sikudhani na mkono wa jirani uliokunjuliwa. Anajua hapaswi. Anatafuta neno. Fremu ya mwisho: vidole vyake viko kwenye kamba ya shingoni. Geuza.

Ukurasa wa 4 ni picha moja kubwa. Siku ya kugawana. Mkeka, wanawake ishirini, sanduku katikati, kufuli mbili ziko wazi. Macho yote yako kwa Bi Sikudhani, na kifua chake ni kitupu. Hakuna neno hata moja. Mchoro mmoja umesema kwamba ufunguo ulitolewa na haukurudi. Baadaye, kwa sentensi moja ya mtu mwingine, tutajua kwamba jirani amesafiri kwenda msibani Tanga nao. Ukurasa wa 5, fremu zinakuwa nyembamba, maneno yanaongezeka, sauti zinapandana. Mama Tausi anasimama kuokoa hali na kwa hotuba yake anaiharibu. Fremu ya mwisho, mwenyekiti: "Dada Siku, umempa nani?"

Ukurasa wa 6, Bi Sikudhani anadanganya. Anasema umepotea. Hapa wengi wangemfanya aseme ukweli, kwa kuwa ni mtu mwema, lakini njaa yake inamkatalia: akimtaja jirani, jirani hatampenda tena. Mwache adanganye. Wanataka kumwita fundi akate kufuli. Fundi anataka fedha, na fedha ziko ndani ya sanduku. Ukurasa wa 7 ni wa Bi Tabu, ambaye tangu mwanzo wa mkutano hajasema kitu. Tunamwona mbali, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Fremu ya mwisho ni mkono wake ukilifungua fundo la khanga.

Geuza. Ukurasa wa 8: ufunguo wa tatu uko kiganjani mwa Bi Tabu. Alichonga nakala siku nyingi, kwa siri, kwa sababu hamwamini Bi Sikudhani. Fedha zimepatikana, na kikoba kimegundua kwamba mmoja wao alikuwa na funguo mbili. Puto la Mama Tausi liko juu ya kichwa chake, halina kitu ndani.

Suluhisho halikutoka nje. Hakuja polisi, jirani hakurudi mbio, wala mtoto mwerevu hakuokota ufunguo mtaroni. Limetoka katika njaa ya mhusika ambaye tulikwisha kumjua, na limeleta shida kubwa kuliko ile iliyotatuliwa. Ukiona umekwama katika mpango wa kisa, usitafute tukio. Rudi kwa wahusika uwaulize mmoja mmoja, wewe ungefanya nini usiku ule ambao hakuna anayekuona?

Maneno sasa. Andika maneno kwanza ndani ya fremu, kwa penseli, ndipo ulichore puto kuyazunguka, ndipo uwachore watu katika nafasi iliyobaki. Anayefanya kinyume huishia kubana herufi pembeni mwa vichwa. Anayesema kwanza akae kushoto, kwa kuwa jicho letu linatoka kushoto. Ukimweka kulia, mistari ya maputo itapishana kama nyuzi. Kiswahili kina mahitaji yake hapa. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani yake, na kwa hiyo huwa kirefu. Puto jembamba linalofaa lugha nyingine litakulazimisha ukate "hawatakuaminini" vipande viwili. Tanua puto, punguza sentensi, usikate neno. Na sikiliza watu wanavyoitana. Bi Tabu hatamwita mwenzake "wewe" mbele ya mkutano. Atasema "mwenzetu", na neno hilo la heshima litauma kuliko tusi. Waliotengeneza jarida la Shujaaz nchini Kenya tangu mwaka 2010 walilielewa hili, wakaandika kwa Sheng ya vijana wenyewe, naye mhusika wao DJ Boyie akasikika kama mtu wa mtaa na si mtu wa wizara.

Usimalize wahusika wako wote kwenye toleo la kwanza, na usiwadharau wapita njia. Kisa cha mchoraji Elzie Segar, Thimble Theatre, kilikuwa kimeishi karibu miaka kumi na wahusika wake alipohitaji baharia wa kuendesha chombo, Januari 1929. Baharia huyo alikuwa Popeye. Hakupangiwa kukaa, lakini wasomaji walimtaka, naye Segar alikuwa na busara ya kumpisha. Katika kijarida chetu yupo jirani aliyeondoka na ufunguo. Tumemwona fremu chache tu. Atarudi kutoka Tanga, atapita mlangoni kwa Bi Sikudhani, na atakuta kufuli la sanduku limebadilishwa, Bi Tabu amevuliwa uongozi, na Mama Tausi ameshika funguo mbili. Kabla ya kuchora toleo la pili, kaa na jirani huyo. Mpe jina. Jaza ukurasa kwa nyuso zake ishirini, na juu ya karatasi uandike kile alichokuwa anakitaka siku ile alipogonga mlango, kama kweli alikuwa amefungiwa nje.